Damu ngumu, au vidonge vya mke?

Siku ya soko hapa Mahoko, jirani yangu anayevusha viazi kwenda Goma aliniita pembeni. Mke wake aligundulika kuwa na virusi vya Ukimwi alipopima akiwa mjamzito. Yeye mwenyewe amepima mara tatu, na mara zote hana. "Mwalimu," alisema akicheka, "damu yangu ni ngumu, inavikataa." Kisha akashusha sauti: amemwambia mkewe aache kujichosha na vidonge.

Sikucheka. Mimi nilisoma ukimbizini Nairobi, mtaa wa Eastleigh, na jirani tu na hapo ni Majengo ya Pumwani, ambako habari ya damu ngumu ilichunguzwa na wataalamu. Tangu mwaka 1985 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Canada, waliwafuatilia wanawake wa pale waliokuwa wakiuza miili. Wengi waliambukizwa. Wachache walipita miaka 3 na zaidi bila virusi, wakifanya kazi ileile.

Sehemu ya siri hiyo imo katika jeni ziitwazo HLA, tunazorithi nusu kwa baba, nusu kwa mama. Seli ya mwili ikivamiwa na virusi, huanika nje vipande vya mvamizi, kama mama anavyopanga nyanya mezani. Askari wa kinga wakipita wakaona bidhaa ngeni, wanaiua seli ile. HLA ndiyo meza yenyewe. Meza ya huyu huonyesha vipande ambavyo virusi haviwezi kuvibadili bila kujidhuru. Ya yule huonyesha vinavyogeuzwa kirahisi, na askari wakapotezwa njia. Kwa wale wanawake waliosalimika, aina fulani za meza zilionekana zaidi.

Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza kama basi kuna ukoo au kabila lenye damu bora. Hata kidogo! Ndugu wawili wa baba na mama mmoja wana nafasi moja tu kati ya 4 ya kufanana HLA zao zote. Na sisi tuliokulia ukimbizini tunajua hesabu za damu zilitufikisha wapi.

Lakini kuna jambo ambalo jirani yangu hakulisikia. Mwaka 2001 watafiti walitangaza kwamba baadhi ya wanawake wale wa Majengo waliambukizwa baadaye, hasa waliopumzika kazi kwa muda kisha wakairudia. Kwa hiyo hata aliyejaliwa kinga hana hati ya kudumu mkononi.

Tena, nilimwambia, huenda damu yako haina sifa yoyote hapa. Tangu Julai 2016 Rwanda inampa dawa kila anayekutwa na virusi, bila kungoja adhoofike. Anayemeza kila siku hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa. Unachojisifia wewe kimo kwenye kikopo cha mkeo, na akiacha dawa, virusi vitarudi.

Alinyamaza, akakaza kamba ya gunia. Kisha akauliza kama dawa zile huharibiwa na jua, maana mkewe huziweka dirishani. Nikamwambia aulize kituo cha afya, ila dirishani aziondoe leo hii.