Jazi laini

Jazi laini, ambayo wapenzi wake wengi huiita smooth jazz, ni aina ya muziki iliyozaliwa Marekani kutokana na mchanganyiko wa jazi, soul na pop. Ndani yake ala moja, kwa kawaida saksafoni, gitaa au kinanda, hushika nafasi ya mwimbaji. Chini yake kuna mdundo wa taratibu usiobadilika sana, ambao mara nyingi hupigwa kwa mashine. Nchini Tanzania, miji ya Mbeya na Iringa ikiwemo, husikika zaidi hotelini na katika sherehe wakati wageni wanakula. Wapo wanaoipenda kwa utulivu wake, na wapo wanaokataa hata kuiita jazi.

Asili

Mwaka 1967 mpiga gitaa Wes Montgomery alitoa albamu ya A Day in the Life, iliyojaa nyimbo za pop zilizokwisha kufahamika, zikisindikizwa na vinanda vya nyuzi. Iliuzwa vizuri kuliko kazi zake ngumu za awali. George Benson alifuata njia hiyo kwa Breezin' (1976) na Grover Washington Jr. kwa Winelight (1980). Kenny G, mpulizaji wa saksafoni ya soprano, ndiye aliyeufikisha muziki huu mbali kuliko wote: albamu yake ya Breathless (1992) imeuzwa zaidi ya nakala milioni 12 nchini Marekani pekee.

Jina la smooth jazz lilienezwa na redio. Kituo cha KTWV cha Los Angeles kilianza kupiga muziki wa namna hii mwaka 1987, na vingine vikafuata. Wataalamu wa vituo hivyo waliwasikilizisha watu vipande vifupi vya nyimbo na kuwataka wavipe alama; kilichokera kiliondolewa. Kwa hiyo ulaini wake ulitokana kwa sehemu na vipimo vya biashara, jambo ambalo wapinzani wake hawajalisahau.

Ubishi kuhusu thamani yake

Hoja kuu ya wapinzani inahusu ubunifu wa papo hapo. Katika jazi ya kina Louis Armstrong na Charlie Parker, mpigaji huitumia melodia kama mahali pa kuanzia safari, na wenzake humjibu. Katika jazi laini safari hiyo ni fupi au haipo. Ubishi ulipamba moto baada ya Kenny G, mwaka 1999, kutoa rekodi aliyopuliza saksafoni juu ya sauti ya Armstrong, aliyefariki mwaka 1971. Mwaka uliofuata mpiga gitaa Pat Metheny aliandika shutuma kali, akiona kitendo hicho ni kumvunjia heshima marehemu. Shutuma hiyo ina uzito, kwani Metheny mwenyewe alipigwa mara nyingi katika redio hizohizo za jazi laini.

Watetezi hujibu kwamba kupiga melodia moja kwa usafi, bila kuiharibu, nako ni ufundi. Jibu hilo lina ukweli, ingawa haliwasaidii wapigaji wengi ambao rekodi zao hazitofautiani. Wengine huuliza swali jingine: muziki uliokusudiwa kumpumzisha mtu aliyechoka, kwa nini upimwe kwa kipimo cha muziki uliokusudiwa kumshangaza? Nchini China wimbo wa Going Home wa Kenny G umekuwa ishara ya kufunga maduka jioni. Mtu anaweza kuona hiyo ni dharau kwa muziki, au heshima kubwa.

Kwa Watanzania ubishi wa "hii si jazi" una utata wa ziada, kwa sababu neno hilo lilikuwa na maana yake hapa zamani. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932 na Morogoro Jazz mwaka 1944, lakini bendi hizo zilipiga dansi lenye asili ya rumba ya Kuba, si jazi ya New Orleans. "Jazz" ilimaanisha bendi yenye magitaa na ala za kupuliza. Thamani ya muziki pia iliwahi kujadiliwa na dola: katika hotuba yake ya Desemba 1962, Rais Nyerere alisikitika kwamba wengi walijua kucheza rumba kuliko ngoma za kwao.

Iringa na Mbeya

Iringa ilikuwa na bendi yake kubwa, Tancut Almasi Orchestra, iliyomilikiwa na kiwanda cha umma cha kuchonga almasi na kuvuma katika miaka ya 1980. Miongoni mwa waimbaji wake walikuwa mapacha kutoka Kongo, Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa. Wimbo wa dansi wa enzi hiyo huanza kwa kisa kinachoimbwa taratibu, kisha hufika kwenye chemko, ambapo magitaa na ala za kupuliza huachiwa uwanja. Msikilizaji aliyelelewa na muziki huo huuliza kwanza wimbo unasema nini. Kwake kasoro ya jazi laini si uhaba wa ubunifu, bali ni kukosa ujumbe na kutofika kwenye chemko.

Mbeya ina mazoea mengine. Wamisionari wa Kimoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na kanisa lao lina desturi ya zamani ya kupiga tarumbeta ibadani na mazikoni. Tarumbeta linapopiga tenzi, maneno hayasikiki, lakini waumini wanayajua na huyaimba moyoni. Mpulizaji wa saksafoni harusini hutegemea jambo hilohilo: hupiga wimbo wa injili au wa bongo fleva ambao ukumbi mzima unaujua. Akipiga usiojulikana, maongezi mezani huendelea.

Kwingineko Afrika Mashariki, Isaiah Katumwa wa Uganda amejijengea jina kwa saksafoni yenye mwelekeo huu. Jijini Nairobi tamasha la Safaricom Jazz, lililoanza mwaka 2014, limechangia fedha kwa Ghetto Classics, mradi unaofundisha muziki watoto wa Korogocho.