Vifo Miongoni mwa Watu Wazima Wanaotumia Dawa za UKIMWI

Katika sharika zetu huulizwa swali hili: ikiwa dawa zipo, tena hutolewa bila malipo, mbona tungali tunawazika watu waliokuwa wakizitumia? Swali hili ni la haki. Mtumishi wa Neno asimamaye kaburini hana budi kulijua jibu lake, maana asipolijua atasema kwa niaba ya Mungu jambo ambalo mganga angeweza kulieleza.

Mfano ulio karibu nasi ni wa Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, huko Mbulu. Kati ya mwaka 2003 na 2006 walifuatiliwa watu wazima 320 walioanza dawa hizi kwa mara ya kwanza. Walifariki 95, na kati yao 59 walifariki katika miezi mitatu ya mwanzo. Hesabu hii ya pili ndiyo tunayotaka itafakariwe. Wengi waliifikia tiba wakiwa wamekwisha kudhoofika mno. Walio hatarini kuliko wote walikuwa wale wenye upungufu wa damu. Tena waliokondeshwa mno na utapiamlo, na wale ambao chembe sahani za damu yao zilikuwa zimepungua.

Upungufu wa damu si lazima uwe ndio muuaji. Mara nyingi ni alama ya ugonjwa mwingine uliojificha, hasa kifua kikuu, ambacho huongoza katika kuwaua wenye virusi vya UKIMWI. Chembe za CD4 zikishuka chini ya 200, mwili hauna tena ulinzi wa kutosha. Mgonjwa akianza dawa, kinga iliyolala huamka na kuwashambulia kwa ghafula vijidudu iliyokuwa haivioni. Basi homa hupanda, tezi huvimba, naye huonekana kuzidiwa kuliko kabla ya tiba. Ndugu husema, "Dawa zimemshinda," wakamwachisha. Kumbe hapo ndipo alipohitaji kurudishwa hospitali upesi. Kinyume chake, mwenye homa ya uti wa mgongo iletwayo na fangasi hutibiwa fangasi hao kwanza, na dawa za virusi huahirishwa kwa wiki nne hadi sita. Jamaa wasioelezwa hudhani mgonjwa wao ananyimwa haki.

Nyakati zimebadilika. Mpango wa taifa wa tiba ulipoanza mwaka 2004, mtu aliweza kusubiri hata kinga yake iporomoke ndipo apewe dawa. Tangu mwaka 2016 Tanzania hutoa dawa kwa kila aliyepimwa na kukutwa na virusi, bila kungoja. Hata hivyo wapo wanaochelewa kupima, na wanaume wamezidi katika hilo; huja wakiwa wamebebwa. Wapo pia waliotumia dawa miaka mingi kisha wakaziacha. Virusi huongezeka tena, na arudiye kituoni baada ya muda mrefu huweza kuwa katika hatari ileile ya yule wa Haydom.

Kuhusu hao walioacha hatuwezi kunyamaza. Mwaka 2011 maelfu walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu wa Kanisa letu, na wako waliorudi wakiamini kwamba hawahitaji dawa tena. Kumwombea mgonjwa ni agizo. Kumwambia aache vidonge si sehemu ya agizo hilo.

Mzee wa kanisa au mchungaji azuruye nyumbani hahitaji maabara ili atambue mambo kadhaa: kikohozi kisichokoma, jasho la usiku, nguo zilizolegea mwilini, viganja vyeupe, kichwa kiumacho siku baada ya siku. Akiyaona kwa mtu aliyeanza dawa karibuni, ombi liwe fupi, na gari la kumpeleka hospitali litafutwe siku hiyohiyo.