Hofu Hukua Ikikimbiwa

Mama mmoja wa jumuiya yetu alikuwa na kawaida moja. Kila alipoombwa kusoma somo, alisema amesahau miwani nyumbani. Kwa miaka miwili tulimsadiki. Siku moja alituambia ukweli: miwani ilikuwamo mkobani siku zote. "Nikifikiria tu kusimama mbele za watu, moyo unanienda mbio na kinywa kinakauka."

Lililomfanya aseme halikuwa somo. Wiki hiyo alikwenda hospitali kwa sababu ya uvimbe kwenye titi. Chumbani alimkuta daktari pamoja na wanafunzi kadhaa wa uuguzi. Akaeleza kikohozi tu. Alipoulizwa kama ana tatizo jingine, akajibu hapana, akarudi nyumbani na uvimbe wake.

Mwili unafanya nini?

Ubongo ukihisi hatari, tezi mbili zilizo juu ya figo humwaga adrenalini katika damu. Moyo hupiga haraka, misuli hupata damu zaidi, mate hupungua, viganja hutoka jasho. Mwili unajiandaa kupigana au kukimbia. Jambo hilo hutufaa sana tukikutana na nyoka njiani. Shida ni kwamba macho ya watu arobaini yanaweza kuuamsha mwili vilevile. Huo si ugonjwa wala si aibu.

Tukikimbia, moyo hutulia mara moja. Lakini ubongo nao hujifunza: "Nimepona kwa kuwa nilikimbia." Safari ijayo hofu huja na nguvu zaidi. Tukibaki mahali pale, adrenalini hupungua yenyewe taratibu, na ubongo hupata fundisho jingine: kumbe hakuna kilichonidhuru.

Polepole ndio mwendo

Mwaka 1924, mwanasaikolojia Mary Cover Jones wa Marekani alichapisha habari za mtoto aliyemwita Peter, mwenye umri wa karibu miaka 3, aliyeogopa sungura. Hakumtupia sungura mapajani ili azoee. Sungura aliwekwa mbali, ndani ya kizimba, wakati Peter anakula chakula akipendacho. Kidogo kidogo alisogezwa karibu. Siku nyingine waliletwa watoto wenzake wasiomwogopa sungura. Mwishowe Peter alimshika kwa mikono yake. Baadaye daktari Joseph Wolpe wa Afrika Kusini aliiendeleza njia ya hatua kwa hatua kwa watu wazima, na mwaka 1958 akatoa kitabu juu yake.

Nasi tulimshauri mama yetu afuate njia hiyo. Kwanza alisoma kwa sauti jikoni akiwa peke yake. Kisha akasoma mbele ya watoto wake wakati wa sala ya jioni. Halafu akasoma sala fupi katika jumuiya, akiwa ameketi. Mwisho akasimama.

Anayetaka kujaribu akumbuke haya:
– Chagua hatua ndogo, uirudie mpaka mwili uizoee, ndipo uende ya pili.
– Usikimbie katikati. Vuta pumzi, uitoe polepole, kisha endelea.
– Tafuta mwenzako wa kuwa nawe.
– Usingoje hofu iishe ndipo uanze. Hupungua ukiwa umeshaanza.

Wazazi nao wasimcheke mtoto mwenye haya, wala wasimsemee kila neno. Dukani, mwache aombe chumvi mwenyewe.

Wakati wa kumwona daktari

Kama hofu inakuzuia kutoka nyumbani, kufanya kazi au kulala kwa muda mrefu, nenda kituo cha afya. Maumivu ya kifua yasidhaniwe kuwa hofu tu, yapimwe upesi. Na pombe si dawa ya woga. Hutuliza kwa saa chache, kisha huongeza tatizo la pili.

Mama yetu alisoma. Karatasi ilitetemeka, na sauti ilikatika katika mstari wa kwanza. Alinyamaza kidogo, akaendelea mpaka mwisho. Alipoketi alitunong'oneza kwamba hofu haikwisha, ila safari hii haikumshinda.

Wiki iliyofuata alirudi hospitali. Alikuwa ameandika jambo lake kwenye kipande cha karatasi, naye akamsomea daktari mbele ya wote waliokuwamo. Uvimbe ulipimwa, na haukuwa saratani. Lakini ungeweza kuwa saratani, na saratani ya titi ikigunduliwa mapema hutibika vizuri zaidi kuliko ikichelewa.

Wewe nawe unayesoma ukurasa huu, kama kuna jambo uliloshindwa kumwambia daktari, liandike leo kwenye karatasi, uende nalo.