Malaria na Chumvi za Mwili

Ndugu mkulima, wewe unayefuga ng'ombe wajua kwamba mnyama asipopata chumvi hudhoofika na maziwa hupungua. Mwili wako nao una chumvi zake ndani ya damu, na malaria huzivuruga. Wakulima wa mpunga wa Mwea na Ahero, ambao mashamba yao hukaa majini na kuzaa mbu, yafaa waelewe jambo hili.

Chumvi kubwa ni mbili: sodiamu, iliyomo katika chumvi ya kupikia, na potasiamu, iliyomo katika ndizi na viazi. Hizo ndizo husaidia misuli kukaza na moyo kupiga sawasawa.

Mwenye malaria hutoka jasho, hutapika, na pengine huhara. Maji hayo hutoka pamoja na chumvi. Tena ugonjwa waweza kuufanya mwili uzuie maji, sodiamu ikawa kama chumvi kidogo katika sufuria kubwa ya mchuzi. Ndipo mgonjwa hulegea, huumwa kichwa, na akizidiwa huchanganyikiwa. Basi msimwite mvivu.

Lakini figo zikishindwa, mambo hugeuka. Potasiamu hupanda, na moyo waweza kusimama. Kwa macho huwezi kujua ni ipi iliyopungua na ipi iliyozidi. Lazima damu ipimwe. Kwa hiyo usimnyweshe mgonjwa chumvi kwa kukisia.

Fanya hivi. Kwanza, homa ikianza, nenda ukapimwe siku hiyo hiyo. Pili, ukipewa vidonge vya siku 3, vimeze vyote pamoja na chakula, hata ukipata nafuu siku ya pili. Tatu, ukitapika au kuhara, omba dispensari pakiti ya chumvi na sukari, uikoroge katika maji safi kwa kipimo kilichoandikwa. Hiyo hurudisha maji na chumvi; malaria yenyewe haiponyi.

Nne, mgonjwa akichanganyikiwa, akipoteza fahamu, akishindwa kunywa, au akikojoa kidogo sana au mkojo mweusi, mpelekeni hospitali mara moja. Huko msimhimize daktari aongeze maji ya mshipani. Yakizidi huweza kujaa mapafuni.

Palizi yaweza kungoja juma moja. Mgonjwa wa namna hiyo hawezi kungoja hata usiku mmoja.