Nafasi na Fungu la Machungwa

Nafasi, yaani uwazi ambamo vitu vyote huwamo na kusogea, hudhaniwa na wengi kuwa imekuwapo kabla ya vitu hivyo, mfano wa nyumba tupu inayongoja wapangaji. Hivyo ndivyo mwanafizikia Isaac Newton alivyoieleza mwaka 1687, ingawa mwanafalsafa Gottfried Leibniz, katika barua alizoandikiana na Samuel Clarke, mtetezi wa Newton, mwaka 1715 na 1716, alishikilia kwamba nafasi ni mpangilio tu wa vitu vilivyopo kwa wakati mmoja. Ukitazamwa utendaji wa wapimaji wa umbali, Leibniz ndiye aliyekaribia ukweli zaidi.

Umbali wenyewe hauonekani. Mwaka 1969 wanaanga wa Apollo 11 waliacha mwezini kifaa chenye vioo 100 vinavyourudisha mwanga kulekule ulikotoka, na tangu hapo wataalamu hukirushia leza, yaani mwali mwembamba wa mwanga wa rangi moja, kisha hungoja takribani sekunde mbili na nusu hadi chembe chache za mwanga huo zirejee. Kinachosomwa hapo ni saa. Kilomita huja baadaye kwa hesabu, na kwa njia hiyo imejulikana kwamba mwezi husogea mbali na dunia kwa sentimita 3.8 hivi kila mwaka. Hata mita, tangu mwaka 1983, ni umbali ambao mwanga huenda kwa sehemu moja ya 299,792,458 ya sekunde, wazo lisilo geni kwa Waswahili, ambao kijiji cha mbali hukiita mwendo wa saa mbili.

Orodha ya umbali, hata hivyo, bado si nafasi, na hapa muuza machungwa hufaa kuliko kitabu. Machungwa matatu ya ukubwa mmoja hugusana yote mezani bila taabu. La nne, ili liyaguse yote matatu, halina budi kupanda juu, kama fungu la sokoni lilivyo. La tano, la kuyagusa yote manne, halina pa kukaa. Basi mtu aliyefungiwa gizani, akapewa tarakimu za umbali peke yake, angeweza kugundua kwamba ulimwengu una mielekeo mitatu, yaani urefu, upana na kimo, kwa kuchunguza ni orodha zipi hutokea na zipi hazitokei kamwe.

Angegundua na zaidi, kwamba nafasi yenyewe hupindika. Mwaka 1964 mwanafizikia Irwin Shapiro alipendekeza kwamba mawimbi ya rada yapelekwe kwenye sayari iliyo ng'ambo ya jua, na yalipopimwa, mwangwi uliopita karibu na jua ulichelewa kwa takribani sekunde 0.0002, kama Albert Einstein alivyotabiri kuhusu nafasi na wakati kupindwa na uzito wa jua.