TREKTA KWA SHAMBA DOGO: NI NEEMA AU NI DENI?

Kila kifikapo kiangazi hapa Songea, mahindi yakiisha kuuzwa na fedha zingali mkononi, husikika katika nyumba nyingi shauri hili moja: vijana wanataka trekta. Wamechoka na jembe la mkono, wala hatuwalaumu, kwani mtu alimaye kwa mkono huinama kwa majuma mengi, na mvua za Novemba na Desemba hazimngojei. Dini yetu haikumwamrisha mja kujitesa iwapo Mola wake amemfungulia njia ya wepesi. Walakini dini hiyo hiyo imetuamrisha kutumia akili kabla ya kutumia mali, na kuitazama njia ambayo mali inapatikana. Kwa hivyo tumeona vyema kulieleza jambo hili kwa hesabu na kwa sharia, ili mzee na kijana wakae jamvi moja washauriane.

Tuanze na hesabu. Trekta lenye nguvu za farasi 70 hivi huvuta jembe la diski tatu, ambalo hukata upana usiofika mita moja. Likienda mwendo wa kilomita 5 kwa saa, na ukitoa muda wa kugeuza na kupumzika, hulima ekari moja kwa saa moja na robo hivi. Maana yake ni kwamba mwenye ekari 5 atamaliza shamba lake lote kwa siku moja. Mwongezee siku ya pili ya kupitisha haro kuvunja mabonge. Basi zimebaki siku 363, na trekta limekaa chini ya mwembe, matairi yanapigwa jua, betri inakufa, na deni halilali.

Chombo cha namna hii hakiwezi kujilipa kwa ekari 5; sharti kipate mashamba ya watu wengine. Tukikadiria ekari 6 kwa siku, siku 6 za juma, kwa majuma 6 kabla ya kupanda, ni ekari 216, na hapo tumehesabu msimu usio na uharibifu hata mmoja. Anayefaa kununua peke yake ni yule aliyekwisha wahesabu jirani zake mmoja mmoja, akajua nani atalipa, mashamba yapi yana visiki, na yapi yako kwenye miteremko. Kule Mbinga, mashamba ya ngoro ya Wamatengo yamechimbwa mashimo mlimani ili maji yasichukue udongo. Huko trekta halina kazi. Hata kwenye mteremko mdogo, dereva asiyelima kwa kukingama humpa mwenye shamba hasara, kwani mvua moja huondoka na udongo wote wa juu.

Tena trekta peke yake si kilimo. Wako wanaomaliza fedha zote kwa kununua kichwa, kisha wakaazima jembe. Afadhali kununua trekta dogo lenye jembe, haro na trela kuliko kubwa lisilo na kitu nyuma yake. Trela ndilo linalolilisha trekta wakati wa kiangazi, kwa kubeba mahindi, matofali na kuni. Na mashine ya kupukuchua mahindi huongeza kazi baada ya mavuno. Na kabla ya kutoa shilingi moja, uliza: vipuri vyake vinapatikana Songea, au vitaagizwa Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 900, huku mvua zinanyesha?

Tusidhani kwamba haya ni maneno ya waoga. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa karanga katika Tanganyika, huko Kongwa, Urambo na Nachingwea, na Nachingwea ilikuwa katika Jimbo la Kusini, ambalo Songea nayo ilikuwa wilaya yake. Walikusudia kulima ekari zaidi ya milioni 3. Matrekta mengi yalikuwa ni masalio ya vita, udongo wa Kongwa ulikauka ukawa kama saruji ukayala majembe, na mafundi na vipuri havikutosha. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na hasara ilikuwa yapata pauni milioni 36. Ikiwa dola kubwa ilitanguliza mashine ikaacha kuujua udongo, ikapata hasara kama hiyo, itakuwaje kwa mtu mwenye ng'ombe wanne na shamba la urithi?

Na hapa ndipo penye jambo zito. Si kila mwenye kutaka trekta ana fedha taslimu. Mmoja huweka rehani shamba aliloachiwa na marehemu baba yake, ilhali shamba lile lina haki ya mama, ya dada zake, na ya wadogo ambao hawajabaleghe. Huyo hakuweka rehani mali yake, ameweka ya mayatima, na onyo la Surat an-Nisaa juu ya mwenye kula mali ya yatima ni kali mno. Mwingine huchukua mkopo wa riba akasema, "Ni dharura." Ndugu yetu, dharura ni njaa, trekta si dharura. Mwingine tena huingia katika magoma, yaani kupokea fedha leo na kulipa magunia ya kahawa wakati wa mavuno, yenye thamani kubwa kuliko alizopokea. Kubadilisha jina hakuibadilishi riba.

Njia za halali zipo. Mwaka 2011 ilifunguliwa Amana Bank, benki ya kwanza nchini kuendeshwa yote kwa misingi ya sharia. Katika murabaha, benki hununua chombo kikawa mali yake, kisha hukuuzia kwa bei na faida mnayoijua nyote, ukalipa kwa mafungu. Mwenye kuingia na aulize mambo mawili: je, chombo kimekuwa chenu kabla ya kuniuzia? Na je, nikichelewa, bei itapanda?

Njia ya pili ni shirika. Nyumba kumi zenye ekari 5 kila moja zina ekari 50, na hapo trekta limepata pa kuanzia. Lakini udugu usiwafanye wakaacha kalamu. Aya ndefu kuliko zote katika Qurani, ya 282 ya Surat al-Baqara, inahusu kuandika madeni na kuweka mashahidi. Andikeni hisa ya kila mtu, zamu ya kulimiwa, mshahara wa dereva, fungu la matengenezo, na kwamba mshirika akifa hisa yake ni ya warithi wake.

Na asiyeweza haya, asione haya. Jozi ya maksai hulima nusu ekari au zaidi kidogo kwa siku, hivyo ekari 5 huisha kwa siku kumi hivi, na samadi yao hurudi shambani. Kukodi trekta la jirani kwa ujira mliopatana kabla ya kazi ni bora kuliko kulimiliki kwa usiku usio na usingizi.

Enyi vijana, leteni hesabu kwa wazee. Nanyi wazee, msiikatae kabla ya kuisoma. Twamwomba Mwenyezi Mungu atupe mvua yenye kheri na riziki ya halali. Wabillahi tawfiiq.