Motokari mpya imefika na pigo: tuipokee ao tuikatae?

Parwasi nyingi zimekwisha kununua motokari, na nyingine zinakusanya feza kwa ajili hiyo sasa hivi. Tunajua kuomba bei, tunajua kulinganisha wauzaji, tunajua hata kubishana juu ya rangi. Lakini kuna siku moja ambayo kamati nyingi hazijitayarishi: siku motokari mpya inapofika, na mbele ya kupewa ufunguo unaona imekwisha kupigwa.

Hilo lilitupata sisi hapa Lubumbashi. Tulikuwa tunangoja pikapu ya kabini mbili kwa kituo chetu cha afya, upande wa barabara ya Kasenga. Ilikuwa sadaka ya miaka mitatu, pamoja na msaada wa ndugu wa ng'ambo. Motokari ilishushwa bandarini Dar es Salaam, ikapandishwa juu ya kamyo, ikavuka Tunduma, ikapita Zambia mpaka Kasumbalesa. Ni safari ya karibu kilomita 2,000. Siku ya tano asubuhi muuzaji akatupigia simu: motokari iko hapa, ila kuna kitu kidogo kwenye mlango. Ibada ya kuibariki ilikuwa siku ya yenga, na mialiko ilikuwa imekwisha kutoka.

Hicho kitu kidogo kilikuwa mlango wa nyuma wa kushoto uliobonyea, na mkwaruzo wenye urefu wa mkono uliofika mpaka kwenye sanduku la mizigo. Muuzaji alikuwa mpole sana. Alisema fundi wake atanyoosha na kupaka rangi mpaka kesho jioni, na hakuna mtu atakayeona kitu. Akatupatia hati ya kupokea na kalamu. Nakiri kwamba mimi nilikuwa kati ya wale waliotaka kusaini. Aliyetuzuia ni mzee mmoja wa kamati, aliyefanya kazi miaka mingi katika mambo ya usafirishaji. Aliuliza swali moja tu: wakati motokari hii ilipopigwa, ilikuwa ya nani?

Swali hilo ndilo la kwanza, mbele ya kutazama mlango wenyewe. Nchini kwetu mauzo kati ya muuzaji na mtu asiye mfanyabiashara, kama kanisa, yanafuata hasa sheria ya mikataba ya tarehe 30 Julai 1888, ambayo ingali inatumika. Kwa sheria hiyo, mauzo yanaweza kukamilika tangu pande mbili zinapopatana juu ya kitu na bei, hata kama kitu hakijafika na bei haijalipwa yote. Basi kama mkataba unataja motokari moja kwa namba yake ya shasi, muuzaji anaweza kujaribu kusema: ilikuwa yenu tayari, hasara ni yenu. Ili kukata mabishano hayo, inatosha kuandika tangu mwanzo sentensi moja kwamba hatari zote zinabaki kwa muuzaji mpaka mnunuzi asaini kupokea hapa Lubumbashi.

Wale wanaonunua moja kwa moja ng'ambo wasome vizuri zile herufi tatu zilizo karibu na bei. CIF Dar es Salaam inapendeza kwa sababu meli na bima, ao asiransi kama tunavyosema, vimelipwa na muuzaji. Lakini kwa CIF hatari inahamia kwa mnunuzi tangu motokari inapopakiwa ndani ya meli kule Japani ao Thailand, na bima hiyo inaishia bandarini. Tena, bima ndogo inayoombwa kwa CIF inahusu mambo makubwa kama moto, meli kuzama ao kamyo kupinduka. Mkwaruzo ao kioo kilichoibiwa haumo. Barabara yote ya kutoka Dar es Salaam mpaka hapa inabaki juu yenu, isipokuwa mnunue bima nyingine. CIP Lubumbashi, kwa kanuni za mwaka 2020, inaomba bima pana zaidi na mpaka mwisho wa safari. DAP Lubumbashi ni nzuri kuliko zote kwa kanisa, kwa sababu muuzaji anabeba hatari mpaka motokari ifike. Bei yake ni ya juu, na sasa munajua ni kwa nini.

Sisi tulikuwa na bahati. Mkataba wetu ulisema motokari italetwa mpaka kwenye ua wa muuzaji, na tulikuwa bado na asilimia 10 ya bei mkononi mwetu, ya kulipa siku ya kupokea. Bila hiyo asilimia 10 sijui mazungumzo yangekwenda namna gani.

Halafu kuna ile hati na kalamu. Kusaini bila kuandika kitu ni kusema motokari ni nzima. Sheria yetu inamlinda mnunuzi juu ya makosa yaliyofichwa: anaweza kurudisha kitu na kupewa feza zake, ao kukibakiza na kurudishiwa sehemu ya bei. Lakini haimlindi juu ya kosa lililo wazi, ambalo angeliona mwenyewe kama angalitazama. Mlango uliobonyea ni kosa lililo wazi. Ukisaini leo, kesho huna neno.

Kwa upande wa mwenye kamyo, nchi yetu iko ndani ya OHADA tangu mwaka 2012, na sheria ya OHADA juu ya usafirishaji wa mizigo kwa barabara ina muda mfupi sana. Kwa hasara inayoonekana, anayepokea anapaswa kumwandikia msafirishaji mpaka siku ya kazi inayofuata ile ya kupokea. Kwa hasara isiyoonekana ana siku saba. Muda ukipita bila barua, inahesabiwa kwamba mzigo ulifika salama, na ni wewe utakayetafuta ushahidi wa kinyume. Kama jina lililo kwenye karatasi ya kamyo ni la muuzaji, kazi hiyo ni yake. Muulize kama ameifanya, na uombe nakala. Kama ni jina la kanisa, usingoje kikao cha kamati cha mwisho wa mwezi. Picha zipigwe motokari ikiwa ingali juu ya kamyo, kama inawezekana, zikionyesha namba ya shasi na namba ya kamyo. OCC nayo ina huduma ya kukagua mizigo iliyoharibika. PV yake ina uzito kwa watu wa bima kuliko maneno yetu.

Sasa tufike kwenye pigo lenyewe. Si mapigo yote ni sawa, na ukubwa wa alama si kipimo kizuri. Niliona motokari yenye mlango uliokunjika kabisa ambayo ilikuwa salama, na nyingine yenye alama ndogo chini ya bampa ambayo shasi yake ilikuwa imepinda. Unachotafuta ni kujua kama nguvu ya pigo iliishia kwenye ngozi ao iliingia kwenye mifupa. Mlango, bampa, kifuniko cha injini na sanduku la mizigo la pikapu vinafungwa kwa bolti. Vinatolewa, vinawekwa vingine vipya kutoka kiwandani, na motokari inabaki ilivyokuwa. Lakini nguzo zilizo kati ya milango, paa, sakafu na shasi ndizo zinazolinda watu siku ya ajali. Zikipigwa, mimi ninasema ukatae, hata kama muuzaji anakupunguzia bei sana. Vilevile kwa motokari iliyoingia maji: harufu ya unyevu, udongo mwembamba chini ya zulia, alama ya maji kwenye mkanda wa kiti ukiuvuta mpaka mwisho. Nyaya zitaoza polepole, na kila mwezi utakuwa garaji. Na kama mifuko ya hewa imekwisha kufunguka, ao taa yake inabaki inawaka, usiguse kalamu.

Peleka fundi wako mwenyewe, si yule wa muuzaji. Na aende mchana. Atazame kama nafasi kati ya milango ni sawa juu na chini, kama bolti za bawaba zina alama za kufunguliwa, kama mlango unafunga kwa sauti moja na mwenzake. Kuna kifaa kidogo cha kupima unene wa rangi, na garaji nyingine hapa mjini wanacho. Rangi ya kiwandani mara nyingi iko karibu na mikroni 100 mpaka 150. Ukipata mara mbili ya hapo, bati limepakwa tena. Ukipata zaidi sana, chini kuna mastiki. Kwa bampa za plastiki kifaa hicho hakisaidii.

Hapo tunafika kwenye ile ahadi ya "hamtaona kitu". Ndiyo iliyonihangaisha kuliko mlango, maana ilifaa tusione. Kuna kesi maarufu ya Marekani juu ya jambo hili. Mwaka 1990 daktari mmoja wa Alabama, Ira Gore, alinunua BMW mpya kwa dola 40,750. Miezi tisa baadaye, mtu aliyekuwa anaing'arisha alimwambia kwamba ilikuwa imepakwa rangi tena. Ilikuwa imeharibika kabla ya kuuzwa, ikatengenezwa kwa dola 601 tu, na kampuni ilikuwa na kawaida ya kutosema kitu kama matengenezo hayapiti asilimia 3 ya bei. Gore hakuwa ameona kosa lolote kwa macho yake. Lakini mjuzi wa biashara ya magari alieleza ya kwamba motokari iliyopakwa tena inapoteza karibu asilimia 10 ya bei, yaani dola 4,000. Baraza la wananchi likampa hizo 4,000, na juu yake dola milioni 4 za kuiadhibu kampuni. Mahakama Kuu ya Alabama ilipunguza adhabu mpaka milioni 2, na mwaka 1996 Mahakama Kuu ya Marekani ikasema hata hizo zimepita kipimo. Mwishoni adhabu ilishuka mpaka dola 50,000.

Wanasheria wanaikumbuka kesi ile kwa ajili ya mamilioni. Mimi ninakumbuka zile namba mbili ndogo, 601 na 4,000. Muuzaji anahesabu ya kwanza: fundi, rangi, siku mbili za kazi. Mnunuzi anapaswa kuhesabu ya pili, maana siku atakapouza, anayekuja kununua naye atapima rangi. Kwa hiyo muuzaji akikuambia "tutatengeneza bure", hajakupa punguzo lolote. Kutengeneza ni deni lake. Punguzo ni jambo jingine, na linazungumzwa kando.

Siku ya posho fundi wetu alikwenda. Nguzo ilikuwa nzima, shasi nzima, magurudumu yamenyooka. Ilikuwa mlango na bati la sanduku, basi. Hata hivyo wengine katika kamati walitaka tuikatae: feza za watu, walisema, zinastahili kitu kizima. Muuzaji hakuwa na nyingine ya namna ile, na kungoja ingine kungekuwa miezi minne. Ndipo mama muuguzi wa kituo, ambaye hatukumwita kwenye kikao, akaingia na kusema: "Baba zangu, munabishana juu ya rangi. Juma lililopita nilipeleka mama mwenye uchungu wa kuzaa juu ya pikipiki." Hakuna aliyemjibu.

Tulichofanya ni hiki. Siku ya yenga motokari haikuja kanisani. Mchungaji alieleza mbele ya wote kwamba imefika na pigo, na kwamba kamati inazungumza na muuzaji. Watu wengine walinung'unika, hasa wale waliokuwa wameshona vitambaa vya sherehe. Siku ya kwanza ya juma tulisaini, lakini chini ya hati tuliandika kwa mkono kila alama, na muuzaji akasaini kando. Tuliandika pia kwamba mlango hautanyooshwa, utabadilishwa na mwingine mpya wa kiwandani. Kwamba bati la sanduku litatengenezwa kwa gharama yake, na dhamana juu ya rangi na kutu itabaki kamili, kwa maandishi. Kwamba anapunguza bei. Na kwamba ile asilimia 10, tukiisha kutoa punguzo, tutailipa siku mlango utakapowekwa. Motokari ikaanza kazi juma lile lile, na mlango wake umebonyea.

Mlango mpya ulichukua majuma saba kufika. Punguzo lilinunua machela na magurudumu mawili ya akiba. PV, picha na nakala ya hati viko ndani ya sanduku la mwekahazina, pamoja na barua tuliyowaandikia ndugu wa ng'ambo kuwaeleza yote, na mtu yeyote wa parwasi anaweza kuomba kuvisoma. Jua la jioni likiipiga motokari kwa ubavu, bado unaona kwamba mlango wa nyuma una weupe tofauti kidogo na ule wa mbele.